Jino la Juu la Zainabu

Utotoni mwangu, mjini Mutsamudu, jino la juu halikuguswa. La chini likiuma ling'olewe, lakini la juu, watu walisema, mzizi wake umeshika jicho. Ukiling'oa, jicho linakufa. Koko, bibi yetu mzaa mama, aliyasema hayo kwa sauti ileile aliyosomea dua, nasi tuliamini yote mawili.

Fundi hakuamini. Tulimwita Fundi kama tunavyowaita walimu wote. Alikuwa wa kwanza kisiwani kwetu kusomea meno ng'ambo, akarudi na kiti cha chuma na ukaidi mwingi. Chumba cha nyuma cha zahanati akakigeuza darasa la wauguzi. Aliwafundisha kila kitu isipokuwa jino la juu, maana hakuna mgonjwa aliyekubali.

Kisha chonge la juu la dada yangu Zainabu likaoza. Shavu likavimba, homa ikapanda. Mama alimpeleka zahanati bila kumwambia Koko, mimi nikifuata nimeshika pindo la shiromani, shuka alilojitanda.

Fundi aliwaita wanafunzi wasogee.

"Leo nitaling'oa mbele yao," alimwambia Mama. "Mji ukimwona Zainabu anatembea na macho yake mawili, maneno yatakwisha."

"Na Koko?"

"Koko nitakwenda kumwamkia mwenyewe."

Ganzi ilikuwa imeshaingia, koleo liko mkononi, mamluki walipofika. Wazungu wawili wenye bunduki, wameingia bila hodi. Miaka ile nchi ilikuwa yao. Mkubwa wao kule Moroni, mji mkuu, alikuwa anaumwa jino, na ndege inamngoja Fundi.

"Nimalize mtoto huyu kwanza," Fundi alisema.

Mamluki walimshika mabega. Koleo alimtupia mwanafunzi wake, Moinaisha. "Ling'oe wewe. Ni kama la chini."

Moinaisha alisimama na koleo mkononi. Hakuwahi kung'oa jino la juu, wala kuliona liking'olewa. Ganzi ikaisha, Mama akaturudisha nyumbani.

Fundi aliwekwa kambini Moroni hadi usaha wa jino la Zainabu ulipokwisha kupanda jichoni. Jicho la Zainabu lilikufa, jino likiwa bado mdomoni. Nani alitaka kusikia hilo? Mji ulisikia tu kwamba Fundi aliligusa. "Nilisema," Koko alilia, na mji mzima ukasema naye. Fundi aliporudi alikuta kiti kina vumbi. Darasa halikufunguliwa tena.

Koko simlaumu. Siku hizi naishi mtaa wa Magoudjou, hapa Moroni, na nikisikia wazee wakisimulia habari za mamluki kana kwamba walikuwa vijana watundu wa zamani, damu inanichemka, nainuka naondoka. Zainabu mwenyewe hakutaka nimweleze kilichomwua jicho. Alikuwa ushahidi wa mji. Kina mama waliwaonyesha watoto jicho lake.

Mwezi uliopita mjukuu wa Zainabu alivimba shavu. Jino la juu. Zainabu akakataza asipelekwe hospitali. Nilipanda boti kwenda Mutsamudu, tukagombana mlangoni, nikamchukua mtoto kwa nguvu hadi hospitali.

Tuliporudi bila jino, Zainabu alimfunika mtoto jicho moja, akamwuliza anaona nini. Akafunika la pili, akauliza tena. Mtoto alijibu yote, akaomba kwenda kucheza.

Dada yangu alinigeukia.

"Kwa hiyo langu," aliniuliza, "lilikufa kwa sababu ya jino la mzungu?"

Miaka yote nilikuwa nimelitayarisha jibu, kali, na majina yote ya kuwatukana. Nilisema ndiyo tu, nikamshika mkono. Nilimwonea uchungu, maana Koko alikuwa amemwachia angalau sababu ya jicho lake kufa, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya.