Nyekundu ya Sakafu

Kwanza nilisikia mlio: tak. Nilikuwa nimefumba macho, napuliza vumbi la mbao huku mkono wa kulia ukiendelea kugonga, na kabla sijayafumbua nilijua kilichovunjika. Ni kile kipande chekundu, chembamba kama rula. Hakikuwapo kingine.

Karakana nilimokuwa ni chumba kimoja karibu na soko la Bwera, Uganda, mpakani na Kongo. Mwenyewe ni fundi aliyekimbia kutoka pande za Butembo, huko Kongo, wa umri wa baba yangu. Mimi huandika riwaya, naishi Nyamwamba, Kasese, na mwaka huo nilikuwa nateremka Bwera kila mwisho wa juma kujifunza kutengeneza mbao za kukatia chakula jikoni, zile zenye michirizi ya rangi katikati. Nilisema nataka mikono yangu ijue kitu ambacho vitabu havijui. Kweli ni kwamba nilipenda kuisema sentensi hiyo mbele ya waandishi wenzangu.

Fundi hakuwa na kopo hata moja la rangi. Njano aliitoa kwenye mti wa fenesi. Nyeupe aliitoa kwenye mibuni mizee ambayo wakulima wa Nyakiyumbu huikata ili ichipue upya. Nyekundu ilitoka misitu ya Kongo, vipande vidogo alivyovuka navyo mpakani kimoja kimoja. Kila kipande alikianika siku nyingi aone jua litakigeuza rangi gani, kisha akakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji. Kitambaa kikichafuka, kipande kiliishia kuwa kuni.

“Muti haidanganye,” aliniambia. “Mutu ndiye anadanganya. Na wewe mwandikaji, uongo ndiyo kazi yako, kwa hiyo nakuchunga.”

Nilicheka sana siku hiyo.

Akina mama wa parokia walitaka kila bibi harusi wao apewe ubao wa namna hiyo. Mwenyekiti wao, mama muuza vitenge, aliagiza mmoja wa kujaribia. Ukipendeza, kazi yote ingekuwa ya fundi. Kwake ilikuwa zaidi ya kazi. Miaka yote aliyokaa Bwera alikuwa bado “yule Mkongomani”. Safari hii wangemwita fundi wao.

Kisha fundi akapata msiba Kasindi, ng'ambo ya mpaka, akavuka kwenda kuzika, akaniachia nipachike vipande. “Gonga polepole,” alisema. “Nyekundu iko nguvu, lakini iko na hasira.”

Sikugonga polepole. Na baada ya ule mlio sikumpigia simu. Niliufunga ubao kwenye kanga, nikarudi nao Kasese. Chini ya kitanda changu kulikuwa na kopo la dawa nyekundu ya kung'arishia sakafu, ile ambayo kila nyumba yenye saruji inaijua. Nikachukua kipande cheupe cha mbuni, nikakisugua kwa dawa hiyo mpaka kikalewa wekundu, nikakipachika, nikapaka mafuta juu. Kilipendeza kuliko chekundu cha kweli. Naona haya kuandika kwamba nilifurahi. Hata nilikipiga picha.

Nikaurudisha karakana, na yule mama muuza vitenge alikuja kuuchukua fundi hajarudi. Fundi aliporudi aliuliza jambo moja tu.

“Nyekundu ilikubali?”

“Ilikubali, papa,” nilijibu, nikimwita baba kama wanavyoita kwao.

Jumamosi iliyofuata mama aliingia bila hodi. Aliutua ubao mezani, na juu yake sahani ya ndizi zilizomenywa, zimeshika wekundu upande mmoja.

“Fundi, hii ni nini? Wakwe wamekaa sebuleni, mimi nawapikia ndizi inatoka damu? Na nusa! Inanuka kama sakafu ya benki!”

Fundi alisogeza sahani kando. Alilowesha kitambaa chake, akasugua mchirizi wa kati, akakigeuza. Kilikuwa chekundu. Alikitazama, kisha akanitazama mimi. Niliinama chini ya meza kama mtu aliyeangusha msumari.

“Mama,” nilimsikia akisema juu yangu, “kosa iko yangu. Mimi ndiye fundi.”

“Nyinyi watu wa ng'ambo! Uliapa hii ni miti tupu! Mimi nilikutetea! Saa kumi tunakutana, nitawaambia nini wale?”

“Usiwaambie kitu. Nitakuja mwenyewe niwaambie.”

Mama alibeba sahani yake, akaondoka. Nilitoka chini ya meza nikiwa na takataka za mbao magotini.

“Nyekundu yangu iko wapi?” fundi aliniuliza.

“Ilivunjika, papa. Niliogopa.”

“Uliogopa mimi?”

Hakuna mtu aliyewahi kumwogopa mzee yule. Niliogopa kuonekana sijui.

“Ungenipigia,” alisema, bila hasira, na hilo ndilo bado linaniunguza. “Ningekuambia weka njano. Njano yenyewe ilitosha.”

Saa kumi ilipokaribia alinawa mikono, akavaa koti la Jumapili, akauchukua ubao kwapani. Ukumbi wa parokia uko dakika kumi kwa miguu. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni: twende wote, nitasema mimi. Niliona akilini nyuso za wale akina mama. Nikaona habari ikipanda basi hadi Kasese, kwamba mwandishi wetu yule alipaka ubao wa chakula dawa ya sakafu. Fundi aliinama kufunga kamba za viatu, na alichukua muda ambao kamba zile hazikuhitaji. Alikuwa ananingoja. Nilichukua ufagio nikaanza kufagia.

Akanyanyuka, akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake taratibu, upepo usije ukanipeperushia taka.