Moshi wa Pilipili Siku ya Posa

Pilipili kichaa ikidondoka kwenye mkaa wa moto, harufu yake haina haja ya kupitia puani. Inakukaba koo moja kwa moja, na machozi yanakutoka kabla hujajua kilichokupata. Majuzi, hapa ninapoishi Ansab, katika nchi ya Waarabu, jirani wa chini aliziunguza kwenye kikaango na jengo zima likakohoa. Mimi, badala ya kufunga madirisha, nilibaki jikoni nikicheka peke yangu. Kwa mawazo nilikuwa nimerudi utotoni, mtaa wa Darsait, uani kwa bibi yangu, siku waliyokuja kumtazama shangazi Raya.

Uani pale palikuwa na mpilipili uliojiotea kwenye ufa wa sakafu, karibu na tangi la maji. Ulizaa zile pilipili ndogo nyembamba, zilizosimama wima kama zimeudhika. Bibi, mzaliwa wa Unguja, alikuwa na msimamo wake: pilipili kichaa hupandwa na ndege, na ya kupandwa na mtu haina ukali. Mama yangu aliwahi kuotesha mmoja ndani ya kopo, ukastawi vizuri tu, lakini Bibi hakuwahi kuutazama mara mbili. Ule wa ufani ndio uliotupa achari ya ndimu, na majirani wetu wa asili ya Unguja walikuja na vibakuli kuomba. Sisi watoto tulipimana kwa pilipili zake: aliyetafuna moja nzima kwa pilau bila kukimbilia maji, siku hiyo alikuwa mtu mzima. Mimi nilikuwa mtoto kwa muda mrefu sana.

Zilizokauka Bibi aliziweka kwenye chupa kwa kazi nyingine. Mtu akihisiwa kapigwa jicho, alimzungushia kichwani pilipili tatu nne na chumvi, huku akisoma, kisha akazitupa kwenye seredani yenye makaa. Zikikukaba, umesalimika. Zikiungua kimya bila harufu, basi husda imo.

Na Bibi aliamini kuwa kwa shangazi imo. Mara mbili alikuwa ameposwa, na mara mbili watu walikula halua, wakaondoka wakicheka, kisha wasirudi. Mara ya pili Raya alijifungia chumbani na sisi tukaambiwa tusipige kelele. Sasa alikuwa akija mama wa kijana mmoja wa Nizwa aliyefanya kazi pamoja na Raya, na kijana huyo Raya alimpenda waziwazi. Alikuwa akiimba akipiga pasi. Sote tulijua kwamba hili nalo likivunjika, hataimba tena upesi.

Wageni walifika mapema, mama mtu na binti zake wawili. Mama yangu akawakaribisha sebuleni na kuwasha kiyoyozi cha dirishani. Raya alikuwa keshavaa na anataka kwenda kwa wageni, lakini Bibi alimkalisha kwenye kigoda uani.

"Kaa hapo mwanangu. Hawakuoni mpaka nimalize."

Hakuhesabu tatu wala nne. Alichota konzi nzima, akazungusha, akasoma, akazimwaga zote motoni. Seredani ilikuwa chini ya dirisha la sebule, na kiyoyozi kile kikongwe kilivuta moshi wote kama kilichokuwa kikiungojea.

Tulianza kusikia chafya moja, halafu kikohozi, halafu sebule nzima. Mlango ukafunguliwa, wakatoka wote watatu na shela zao puani, mama yangu nyuma yao, macho mekundu, hajui aombe radhi kwa lugha gani. Raya alisimama pale na wanja ukimchuruzika mashavuni. Niliuona uso wake, na hata mimi mtoto nilijua anaona posa ya tatu nayo ikiondoka.

Mama wa kijana alipopata pumzi aliitazama seredani, akamtazama Bibi. Akauliza kwa Kiarabu, polepole, kinachochomwa ni nini na kinachomwa kwa ajili ya nani.

Bibi hakudanganya. Kwa Kiarabu chake cha kuchechemea alisema, "Kwa huyu. Nna binti mmoja tu. Lakini tazama, wewe umekohoa, wanao wamekohoa. Mwanangu hana jicho, na nyinyi hamna husda."

Yule mama akaanza kucheka, akakohoa, akacheka tena mpaka akashika ukuta. Alisema kwao, kwa ajili ya jicho, huchoma jiwe la shabu na ubani, lakini moshi wao una adabu. Akatoa leso yake, akamfuta Raya wanja kwa mkono wake mwenyewe, na kahawa tukainywea uani. Harusi ilikuwa kabla ya Ramadhani.

Kwa miaka mingi nilidhani konzi ile ilikuwa haraka tu ya mzee aliyebabaika. Mwaka jana walikuja watu kumtazama binti yangu. Nikaweka makaa, nikachukua pilipili tatu kama inavyotakiwa, na mkono ukakataa kuzitupa. Je, zikiungua kimya? Nikaongeza, nikaongeza tena. Hapo ndipo nilipomjua bibi yangu. Siku ile hakuwa akiziuliza pilipili chochote. Aliogopa mno kusikia jibu, akaona bora tukohoe sote.