Sauti ya Mama Kwenye Mabafle

Nikikutana leo na watu wa avenue yetu hapa Shituru, chini ya kiwanda cha asidi, bado natazama chini, maana wengine walikimbia na watoto mgongoni kwa sababu yangu, na mmoja aliacha kiatu mferejini asikipate tena. Chekeni kwanza, halafu niwaeleze.

Ilikuwa siku ya kumaliza kilio cha mama, yaani kufunga matanga. Tangu tumzike, baba hakuwahi kutaja jina lake, hakusimulia habari zake, na akiona kitenge chake kwenye kamba anageuza uso. Mimi Mado, mzaliwa wa kwanza, nilimkosa mama, lakini nilimkosa pia yule baba wa zamani, na nilikuwa na hamu ya jambo moja tu: nimsikie akisema tena "Mama Mado".

Sasa, kazi yangu ni kutengeneza sauti za mazingira kwa kompyuta (ndiyo, ni kazi, msiniulize kama Tantine Béa, dada wa baba, anavyoniuliza kila Jumapili). Programu inachukua kipande kidogo cha sauti, inakichambua nyuzi nyuzi, za chini na za juu, halafu inazisuka upya na kuzirefusha, mpaka mlio wa kifuniko cha sufuria unajaza chumba kama ukungu. Na kwenye simu nilikuwa na ujumbe mmoja wa sauti ya mama, maneno machache ya kumwita baba aje kula bukari, yaani ugali. Nikawaza, nikiurefusha na kuucheza siku hiyo, maneno yatayeyuka, atabaki mama mwenyewe hewani, wageni hawatajua kitu, na baba moyo utamlainika bila kujua kwa nini.

Tantine Béa nilimwambia. Heri ningenyamaza.

"Mado, weye iko na akili? Sauti ya mufu haichezewi. Weka nyimbo za kanisa, bantu bakule, barudi kwabo."

"Tantine, hii ni art, ni sanaa."

"Art," akasema, akaendelea kuchambua majani ya sombe.

Kosa langu lilikuwa dogo. Badala ya kuimaliza sauti nyumbani na kuicheza kama wimbo, niliiacha programu ikiwa wazi ili nirekebishe palepale, kama mpishi anayeonja mchuzi, na nikaiunganisha na mabafle mawili ya kukodi, zile spika kubwa za harusi. Mwanzoni ilikuwa nzuri jamani. Wageni waliacha vijiko, baba akainua kichwa. Mimi kwa furaha nikaongeza zile nyuzi za juu, kidogo tu, zikaanza kupanda, zikapanda, zikawa mlio mrefu juu ya mabati, na mtu yeyote aliyekulia Shituru anaujua mlio ule: sirène ya kiwanda, king'ora kinacholia moshi wa asidi ukivuja.

Mzee mmoja, mstaafu wa kiwanda, alisimama taratibu. "Sirène," akasema. "Mufunike batoto pua. Tupande kule juu, moshi unabakia chini."

Basi ikawa hivyo. Viti vikaanguka, majirani wakaruka ukuta, pasta akakimbia na Biblia mkono mmoja na sahani mkono mwingine (sahani niliiona kwa macho yangu). Nikapiga kelele kwamba ni mimi, ni kompyuta, lakini nani asikilize. Nikairukia mashine kuizima, na kwa haraka, badala ya kuzima, nikarudisha kile kipimo cha kurefusha mpaka mwanzo kabisa. Ukungu wote ukajikunja, na mama akatoka kwenye mabafle kama alivyokuwa, na haraka zake, barabara nzima ikamsikia:

"Papa Mado, uko wapi? Bukari inapola."

Watu wakasimama walipokuwa. Baba, ambaye hakuwa amekimbia, akainuka kitini, akanyoosha shati.

"Nakuya, Mama Mado," akasema kwa nguvu, na akaenda.

Alikwenda hadi mlango wa jikoni, akaushika, ndipo akakumbuka. Akabaki pale ametugeuzia mgongo. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Nilichokitamani mwaka mzima nilikuwa nimekipata mbele ya watu wote, na nikatamani ardhi ipasuke inimeze.

Jioni, tukikusanya viti, nilimwomba baba msamaha. Alikunja kiti kimoja.

"Zamani akiniita nilikuwa namujibu nakuya, nakuya," akasema, "halafu nabakia kwa barafiki. Bukari inapola, yeye analala na hasira." Akaweka kiti juu ya vingine. "Leo nilisimama."

Ujumbe ule sijaugusa tena wala sitaugusa. Siku hizi natengeneza mvua na ndege, tena kwa visikizi masikioni. Ila ninyi mnaonicheka, nawaomba jambo moja: mtu akikuita mezani, acha unachofanya, nenda ukale naye.