Nyumba Niliyoitaja

Msaidizi wa mbunge wetu aliniuliza swali moja tu, nami nikamjibu kabla hajamaliza kukunja mwavuli wake. Alikuwa amesimama mlangoni kwangu, maji ya mvua yakimdondoka.

"Mzee, mheshimiwa atasoma barua yenu kesho kutwa alasiri," alisema. "Lakini akiambiwa alete ushahidi, atasimama na nini? Nipe nyumba moja. Namba yake na anayeishi humo. Moja tu."

Nikamtajia nyumba ya jirani yangu, ile inayotazamana na yangu. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia angoje nimuulize mwenyewe, kwa kuwa ni hatua chache tu kutoka mlango wangu hadi wake. Ningeweza pia kutaja nyumba yangu mwenyewe, maana ilikuwa na kasoro ile ile. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Mtaa wetu ni mmoja wa ile ya zamani kando ya Jogoo Road. Nyumba si zetu, tunazilipia kodi kwenye ofisi ya nyumba, na huko ofisini kila nyumba imeandikwa jina la mpangaji wake. Wengi wa wapangaji hao walikwisha kufa. Baba alifariki, mwanawe akabaki ndani. Kaka alistaafu akarudi nyumbani, mdogo wake akaingia. Hakuna aliyebadilisha jina, kwa sababu ukienda kuomba libadilishwe unaambiwa nyumba irudi kwanza ofisini igawiwe upya, na wanaongoja kugawiwa ni wengi kuliko nyumba. Basi tuliishi kwa majina ya marehemu. Siku ya kodi karani wa dirishani huita jina la aliyezikwa, na aliye hai hujibu, "Niko." Karani anajua. Foleni nzima inajua. Adabu ya mtaa ni kwamba hakuna anayemtaja mwenzake.

Jirani yangu alikuwa fundi katika karakana za reli, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mrefu, akicheka anashika tumbo. Nyumba yake iliandikwa jina la kaka yake, aliyefariki kabla mimi sijaoa. Yangu iliandikwa jina la baba mkwe wangu. Mimi nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, kwa hiyo yeye aliniita Karani nami nikamwita Fundi, hata wake zetu wakatuita hivyo. Tukikutana kwenye foleni nilikuwa nikimtania.

"Marehemu, umeamkaje?"

"Marehemu ameamka na njaa," angesema. "Na wewe, baba mkwe, kaburini kwako kunavuja kama kwangu?"

Na mama mmoja nyuma yetu: "Wazee, songeni! Kuna wafu wengine hapa wana haraka."

Mke wangu alipofariki, Fundi alianza kuja kila asubuhi na birika la chai. Hakuleta maneno ya faraja. Alikaa kwenye kiti cha karibu na dirisha mpaka nimalize kikombe, kisha akaondoka. Alidhani atafanya hivyo kwa juma moja au mawili, lakini ilipita miaka. Watoto wangu walikuwa wameshaondoka, mmoja ng'ambo na mwingine Kitengela, ambako kila mtu ana shughuli zake. Siku nyingi sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Fundi, na nyingine nyingi ilikuwa pia ya mwisho.

Sasa kuhusu barua. Mbunge aliitisha mkutano uwanjani akatuambia kitu ambacho hatukuwahi kuambiwa na mbunge yeyote: "Msinipe shida ishirini. Nipeni moja, niibebe mpaka Bungeni." Kamati ya wakazi, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ikachagua suala la majina. Tulitaka anayeishi kwenye nyumba na kuilipia aandikwe yeye. Nikaketi kuandika. Fundi alisoma kila ukurasa, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Karani, hapa andika 'wakazi'. Usiandike mtu. Ukiandika mtu, watamtafuta huyo mtu."

"Sitaandika mtu."

"Niahidi."

"Nimekuahidi, bwana. Wewe una woga kama kuku wa Krismasi."

Barua haikuwa na jina la mtu. Ahadi hiyo niliitimiza kwa kalamu, nikaivunja kwa mdomo pale mlangoni. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilitaka barua yangu isishindwe, hilo ni kweli. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne na kazini sikuwahi kuandika chochote kilichosomwa na mtu muhimu. Niliogopa pia kuiweka nyumba yangu mbele. Lakini kilicho kibaya zaidi ni kwamba nilimchagua Fundi kwa sababu ndiye mtu niliyeamini hawezi kunikasirikia.

Kesho yake asubuhi alikuja na birika kama kawaida. Tulizungumza habari za mvua na bei ya makaa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia, na nilikuwa na namba ya simu ya yule msaidizi mfukoni. Nikanywa chai yangu.

Siku ya mjadala tulijaa kwa kinyozi, kwa kuwa alikuwa na televisheni inayoonyesha Bunge moja kwa moja. Fundi alikaa kwenye kiti cha kunyolewa, kitambaa shingoni. Mbunge wetu alisimama akaanza vizuri. Alisema, "Mheshimiwa Spika, watu wangu wanalipa kodi kwa majina ya watu waliozikwa," na niliyatambua maneno hayo kuwa yangu, neno kwa neno. Moyo ulinijaa. Mtu akanipiga begani.

Ndipo mbunge mwingine wa upande wa pili akasimama. "Hoja ya nidhamu, Mheshimiwa Spika. Je, mheshimiwa anaweza kuthibitisha hayo, au ametuletea hadithi za mizimu?"

Bunge likacheka. Spika akamwambia mbunge wetu athibitishe au aondoe maneno yake, maana ndiyo kanuni yao. Mbunge wetu akainua karatasi. Akasoma namba ya nyumba. Akasema humo anaishi fundi mstaafu wa reli, anayelipa kwa jina la kaka yake aliyefariki. Yule mwingine akakaa chini.

"Amemnyamazisha!" mtu akapiga kelele, na duka zima likashangilia. Halafu kelele zikapungua, kadiri watu, mmoja baada ya mwingine, walivyokumbuka ile namba ni ya nani. Mashine ya kunyolea ikazimwa. Nusu ya kichwa cha Fundi ilikuwa imenyolewa na nusu bado.

"Malizia," Fundi akamwambia kinyozi.

Kinyozi akamaliza. Fundi akajipangusa shingo, akageuza kiti.

"Karani. Mheshimiwa ameipata wapi hiyo namba?"

"Kwangu."

"Na yako ni namba ngapi vile?" Alikuwa anaijua. Nikaitaja. "Hiyo sikuisikia ikisomwa," akasema, akatoka.

Kamati ya Bunge iliandikia ofisi ya nyumba ikitaka maelezo. Sisi tulifikiri watatoa maelezo kuhusu utaratibu wa majina. Ofisi ilijibu kuhusu nyumba moja, ile iliyotajwa, kwamba hatua imeshachukuliwa. Ilani ikabandikwa mlangoni kwa Fundi: mpangaji amefariki, nyumba irejeshwe.

Nilikwenda kwa mbunge mara tatu. Mara ya tatu alinipokea.

"Mzee, nilisema kwa nia njema," aliniambia. "Niliambiwa mwenyewe amekubali."

Nikamgeukia msaidizi wake, yule mwanamke wa mwavuli, nikasema mimi sikumwambia hivyo. Hakupandisha sauti. "Mzee wangu, nilikuuliza, 'Yeye yuko sawa na hili?' Ukaniambia, 'Huyo ni rafiki yangu.'"

Ilikuwa kweli. Nilisema hivyo hivyo.

Mbunge alijitahidi, sitamsingizia. Alipeleka barua, akaenda mwenyewe ofisini, na akasimama tena Bungeni kuuliza kwa nini wanyonge wanaadhibiwa kwa kusema ukweli. Alijibiwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Kadiri alivyolisema ndivyo nyumba ile ilivyozidi kujulikana, na hakuna ofisa aliyetaka kuonekana ameiachia.

Watu wa mtaa walitaka nitolewe kwenye kamati. Fundi ndiye aliyewaambia waniache. Niliposikia hivyo nilifikiri labda amesamehe, nikamngoja asubuhi, nikaweka hata kikombe cha pili. Hakuja. Nami sikuvuka kwenda kwake. Kila siku nilitunga maneno ya kumwambia, na kila siku niliona hayatoshi, nikayaahirisha. Nilikuwa na maneno ya kulitosha Bunge, lakini ya kuvukia hatua chache za uchochoro sikuwa nayo.

Siku ya kuhama lori liliegeshwa mchana karibu na bomba la maji. Nilitoka nikashika ncha ya kabati. Mke wake akanitazama kwa upole, jambo lililoniumiza zaidi.

"Shemeji, wacha tu. Tuna watu wa kutosha."

Hawakuwa wa kutosha. Walikuwa watatu, na kabati lilikuwa zito. Nikaliachia. Fundi alipopanda mbele, kando ya dereva, nilimwita. Alishusha kioo.

"Kaa vizuri, mzee," akasema.

Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita mzee.

Nyumba yake walipewa vijana wawili waliooana karibuni. Ni watu wazuri. Kijana akiniona asubuhi husema, "Niaje, mzee wetu," nami nasema niko salama, naye anakimbilia kazini. Hakuna tena anayekuja nimwandikie barua. Kwenye foleni ya kodi watu hunisalimu kwa heshima, kisha wanazungumza wao kwa wao kwa sauti ya chini. Naelewa. Sasa wananiona kama mtu anayetaja.

Nyumba yangu haikuguswa. Hakuna aliyewahi kuiulizia.

Nilimpigia Fundi simu huko kwao. Binti yake alipokea. "Baba yuko shambani." Nikapiga tena juma lililofuata, na mwezi uliofuata. Baba alikuwa shambani asubuhi, shambani jioni, shambani hata siku ya mvua kubwa. Nikaacha kupiga, nikajiambia nampa muda.

Mwaka jana nilikuwa Gikomba nikitafuta koti la baridi nilipokutana na mzee mmoja aliyefanya kazi na Fundi reli. Alinishika mkono kwa nguvu.

"Hukuonekana kwenye mazishi," alisema. "Tulidhani unaumwa."

"Mazishi ya nani?"

Alinitazama, akauachia mkono wangu. Fundi alikuwa amezikwa miezi minne kabla ya siku hiyo. Watu wa mtaa walikuwa wamechanga, wengine wakasafiri kwenda kumzika, wakarudi, na hakuna aliyenigongea mlango. Nilimuuliza yule mzee kama familia ilisema lolote kunihusu. Akasitasita.

"Binti yake alisema nyinyi mliagana kitambo."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, kupitia Majengo, bila koti.

Majina ofisini bado ni yale yale ya marehemu. Barua yangu haikubadilisha kitu, na hata kama ingebadilisha, nisingejitetea nayo. Fundi alipoteza nyumba aliyokaa tangu ujana wake kwa sababu mimi niliitaja ili nisitaje yangu. Mimi nilimpoteza Fundi, mtu wa mwisho aliyenijua nikiwa kijana na nikiwa na mke, na alikufa kabla sijamwomba msamaha.