Fundi wa Manundu anayesubiri kubipiwa

Saa tatu asubuhi, fremu ya biashara ya Shamimu Mhina hapa Manundu, mjini Korogwe, ina wateja wawili wa kutoa kopi na kompyuta mpakato moja ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa. Imewekwa mwisho wa meza ikiwa wazi, na skrini yake ni nyeusi tii, yenye maandishi madogo meupe.

Shamimu anatoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, anapokea hela, anarudi kwenye skrini. Anaandika mstari mmoja, anabonyeza, anasoma kilichojibiwa, anaguna.

Mteja wa pili anachungulia. "Dada, hiyo si imeshakufa?"

"Haijafa, kaka. Ndivyo inavyofanya kazi," anamjibu bila kugeuka.

Anachokifanya ni kukagua nyaya ambazo hazionekani. Kwenye skrini hiyo hakuna picha wala kitufe cha kubonyeza. Kila amri huandikwa kwa mkono, na herufi moja ikikosewa kazi haiendi. Amri hizo zimeunganisha msaidizi wa akili mnemba na namba moja ya kampuni ya kurusha meseji. Mfugaji wa Handeni akiandika kuuliza dawa ya kupe, kampuni huipokea meseji, huipitisha kwa msaidizi, na jibu humrudia mfugaji kwenye kisimu chake cha tochi kabla hajakirudisha mfukoni.

Shamimu ana miaka thelathini na mmoja. Alianza na meza ya kuchaji simu pale njia panda ya Segera, akapanda hadi kuzitengeneza, akasoma cheti cha kompyuta Tanga, na mengine akayaokota mtandaoni kwa bando la kuungaunga. Mwezi mzuri humwachia kodi ya fremu, umeme na mboga. Mwezi mbaya humwachia kodi peke yake.

Mama yake, Bi Mwanaidi, mkulima wa Kwamndolwa, huwaambia majirani kwamba kazi ya binti yake ni kuiandikia kompyuta barua na kusubiri majibu. Shamimu anacheka anapolisimulia hilo. "Nimemweleza mpaka nimechoka, halafu yeye akanieleza mimi vizuri zaidi," anasema.

Kazi ya wafugaji aliletewa mwaka jana na Mathias, mtaalamu wa mifugo mwenye duka la dawa Handeni mjini. Simu ya Mathias ilikuwa haipumui. Ikiita akiwa ameshika pembe za dume, sindano mdomoni, hawezi kupokea. Akipokea, dume linamponyoka. Alitaka kitu cha kumpokelea watu na kuwajibu maswali madogo, yeye abaki na wagonjwa.

Shamimu alifanya majaribio mpaka akaridhika. Mathias naye hakufanya mambo nusunusu. Alipaka namba mpya kwenye ukuta wa duka kwa rangi nyekundu, akaitangaza mnadani kwa kipaza sauti, na laini yake ya zamani akaiacha ife ili watu waizoee mpya.

Watu hawakuizoea. Vijana wachache waliandika kuuliza bei, wakajibiwa, wakanyamaza. Kutoka kwenye maboma ya nyanda kavu, ambako ndiko waliko ng'ombe wengi, haikuja meseji hata moja.

"Nilijua kosa liko kwenye amri zangu," anasema Shamimu. "Nikafuta, nikaandika upya. Nikijitumia meseji mwenyewe, jibu hilo hapo. Mashine nzima, watu hawapo. Mathias akaniambia, 'Fundi, mwisho wa mwezi tuachane na hii kitu.' Iliniuma."

Shamimu akamwomba jambo moja kabla ya kuachana: ampeleke kwa wateja. Wakaenda kwa pikipiki ya Mathias, vumbi likiwapaka mpaka kope, hadi kwenye boma la Nasinkoi, mama wa makamo ambaye maneno yake husikilizwa na wanawake wa maboma yote ya jirani.

Nasinkoi aliwapokea kama wageni wanavyopokelewa. Habari za njia zikaulizwa, za nyumbani, za watoto, za mvua. Chai ya maziwa ikaletwa. Wageni walipomaliza vikombe ndipo akamgeukia Mathias.

"Wewe nilikubipu mara mbili," alisema. "Ukakata mara mbili. Nikakaa njiani na ndama wangu mpaka jua likazama. Hukuja."

Mathias, Shamimu anakumbuka, aliweka kikombe chini na kujishika kichwa.

Kumbe kwa miaka mingi daktari huyo na wateja wake walikuwa na mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Ukimbipu mara moja, maana yake nipigie ukipata nafasi. Ukimbipu mara mbili mfululizo, mnyama ni mgonjwa, njoo. Naye akiikata simu, maana yake nimekuona, nakuja. Hakuna aliyetumia salio, na hakuna aliyehitaji kujua kusoma. Kwa Mathias lilikuwa jambo la kawaida kiasi kwamba wakati wa kumweleza fundi kazi yake hata halikumjia akilini.

Na ile namba mpya, kwa kuwa ilifunguliwa kwa ajili ya meseji tu, kila simu iliyopigwa ilikatwa yenyewe na mitambo ya kampuni. Inaita kidogo, inakata. Nyanda nzima ilikuwa ikibipu, na nyanda nzima ilikuwa ikijibiwa kwamba daktari anakuja.

Ndama wa Nasinkoi walikuwa wawili, wote majike, wazao wa ng'ombe aliyetengewa siku alipoolewa. Walikuwa na ndigana kali, homa inayoletwa na kupe: tezi zimevimba, pumzi ya shida, hawanyonyi. Ndigana ikiwahiwa hutibika. Hawa hawakuwahiwa, wakafa wote.

Shamimu hana njia ya kulipamba hilo, na hajaribu. "Nilitengeneza kitu cha watu wanaoandika," anasema. "Yule mama haandiki. Alifanya kila anachotakiwa kufanya, na mashine yangu ikamdanganya. Niliona aibu sana. Nikamwambia pole, mama. Nikaona hata pole yenyewe haitoshi."

Nasinkoi hakugomba. Aliwasindikiza mpaka kwenye pikipiki na kuwatakia safari njema, kisha akasema namba hiyo ameiacha. Akiuguliwa atatuma mtu kwa miguu au atasubiri siku ya mnada. Wanawake wa maboma ya jirani waliposikia, nao wakaiacha.

Mathias naye hakusema tena habari ya kuachana. "Kosa letu wote wawili, na mimi ndiye niliyeua laini," alimwambia Shamimu njiani. "Nirudishie watu wangu."

Kwa hiyo fundi akarudi kwenye skrini nyeusi. Kampuni ile ile ya meseji, kumbe, inaweza pia kutoa taarifa ya simu iliyopigwa kabla ya kuikata. Ilikuwa haijaombwa tu. Aliandika amri za kuiomba, akakosea, akaandika tena. Kisha akamfundisha msaidizi wake mapatano ya nyanda.

Siku hizi, kwa bipu moja, jina la mfugaji huingia kwenye foleni ya Mathias ya kupigiwa. Kwa bipu mbili, simu ya Mathias hulia mlio mkali hata akiwa amemshikilia dume. Asipompigia mfugaji, msaidizi humwarifu Shamimu, naye hupiga mwenyewe. Tangazo lilirudiwa mnadani. Maboma ya mbali yameanza kubipu, yanapigiwa, na Mathias ameshafika kwa wagonjwa kadhaa wakiwa bado wamesimama.

Boma la Nasinkoi limenyamaza, na majirani zake wanamtazama yeye. Msimu huu ana ndama wengine. "Hao ndio wananinyima raha," anasema Shamimu. "Ndigana haisubiri mnada."

Anaitazama kompyuta, kisha anaeleza anakotaka kufika. Anataka msaidizi ajifunze kusikiliza Kimaa, lugha ya maboma hayo, mfugaji aseme kwa mdomo wake dalili anazoziona. Na anataka mitambo hii iimarike kiasi cha kutomhitaji yeye. "Nifunge fremu nikamsalimie mama Kwamndolwa siku nzima bila wasiwasi. Kesho Ijumaa najaribu. Nimeshamwahidi."

Hajamaliza, skrini inaongeza mstari. Shamimu anausoma akiwa amesimama. Ni bipu moja, kutoka namba ya Nasinkoi. Hiyo ni kazi ya foleni ya Mathias, na fundi hana haja ya kugusa chochote.

Anachukua simu yake na kupiga. Anaweka sauti ya nje kwa sababu mkono wa pili unatafuta kiti.

"Takwenya, mama," anasalimia, kwa Kimaa alichofundishwa na Mathias.

"Iko," anajibu Nasinkoi. Nyuma yake zinasikika kengele za ng'ombe.

"Ndama wanaumwa, mama? Nimwambie daktari aje?"

"Hapana. Wazima."

"Una shida gani, mama?"

"Sina shida. Nilitaka kujua kama kuna mtu."

Shamimu anakaa. Mteja wa kopi, aliyekuwa ameshanyanyua mkono kudai chenji, anaushusha.

"Nipo, mama. Nimekuona."

Kengele zinaendelea kulia.

"Sawa," anasema Nasinkoi. "Leo umeniona. Kesho nitabipu tena, nione kama bado kuna mtu."

Simu inakatika. Shamimu anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anampa mteja chenji yake, kisha anampigia Bi Mwanaidi kumwambia kwamba kesho hatafunga fremu, atakuja Jumapili.