Hati ya Bi Time: Kutoka Wete hadi Rashidiya

Nilikwenda Dubai kutafuta karatasi moja, na nilichaguliwa mimi kwa sababu katika kamati nzima ya shule ni mimi peke yangu niliyekuwa na pasipoti isiyokwisha muda. Naliweka hili wazi mapema, maana tangu nirudi Wete watu wanasema nilichaguliwa kwa hekima. Hekima haikutajwa kikaoni. Ilitajwa pasipoti.

Mimi ni mwalimu wa kike, nafundisha historia. Shule yetu ina dahalia ya wasichana wanaotoka vijiji vya mbali, nayo imo ndani ya nyumba kongwe ya ghorofa ambayo mji mzima unaiita Nyumba ya Vioo, kwa sababu ya vioo vikubwa vilivyopachikwa ukumbini na tajiri mmoja wa karafuu wa karne ya kumi na tisa, Bwana Msabaha. Kila mwaka, siku ya kuwapokea wasichana wapya, mimi ndiye hutoa hotuba ya kumsifu: jinsi alivyowahurumia wanyonge, jinsi alivyoitoa nyumba yake kwa ajili ya Mungu, jinsi alivyolia alipomwona mama mmoja amelala njiani. Hilo la kulia nililitunga mwenyewe mwaka wa pili, baada ya kuona wasichana wanasinzia.

Basi ikaja barua kutoka Dubai. Kilembwe wa Bwana Msabaha, anayeitwa Nassor, aliandika kwa upole kwamba nyumba ni urithi wa ukoo, na ukoo umempata mtu anayetaka kuigeuza hoteli. Tukaenda ofisi ya wakfu kuuliza. Ofisa akatuambia kwamba ikiwa nyumba ni wakfu, haiuziki wala hairithiwi, lakini lazima tulete hati. Hati hatukuwa nayo. Tulikuwa na hotuba yangu.

Aliyetupa matumaini ni Asha, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anauza manukato huko huko Dubai. Alinipigia simu akasema kuna bibi wa ukoo ule, shangazi yake Nassor, anaitwa Bi Zuwena. Huja dukani kununua udi. Hati anayo, amesema mwenyewe. Kama atampa mtu, hilo hajasema.

Alhamisi asubuhi nilipanda ndege ndogo kutoka Pemba hadi Unguja, na mchana ile kubwa ya Dubai. Nilikaa dirishani nikiifanyia mazoezi hotuba yangu kwa sauti ya chini, nikidhani nitaitumia kumlainisha bibi. Jirani yangu, mfanyabiashara wa vipuri, alidhani nasoma dua kwa hofu ya ndege, akanipa pipi.

Dubai nilipokelewa na Asha mwenyewe, bado yumo ndani ya sare ya duka, ananukia kama harusi tatu. Anakaa mtaa wa Al Mankhool, chumba kimoja wasichana sita, kila kitanda kimezungushiwa pazia. Aliniachia kitanda chake, yeye akatandika godoro chini.

"Mwalimu, si unaona? Nimetoka dahalia nimeingia dahalia," alisema. "Ila kule tulikuwa na dirisha."

Asha aliingia Nyumba ya Vioo ana miaka kumi na mitatu. Kwao ni mwendo wa saa tatu kwa miguu, na baba yake alishasema shule basi. Nilimtazama akipanga viatu vyake chini ya kitanda, nikajikuta nawaza habari ya hoteli, na vitanda vya wasichana wetu vikitolewa nje kimoja kimoja.

Ijumaa Asha alikuwa kazini, ila alishamwarifu Bi Zuwena, nikenda kwake Rashidiya peke yangu kwa treni ya mjini. Behewa la wanawake limetengwa kwa mstari wa waridi sakafuni, na mwanamume akiuvuka anatozwa faini. Nilimwona baba mmoja, mtu mzima na kitambi chake, amesimama vidole vya miguu vikigusa mstari, hathubutu kupumua. Nilifurahi kuliko inavyompasa mwalimu. Treni inapita juu ya mji kama mtu anayechungulia nyua za wenzake, na kituo cha mwisho ndicho changu.

Nyumba ya Bi Zuwena ni ya chini, ina ukuta mweupe na mti wa mkunazi uliochoka na joto. Alinifungulia mwanamke wa Kikenya, mnene wa mabega, ana tabasamu la mtu anayejua siri za nyumba.

"Karibu, karibu. Mimi ni Kerubo, ndiye namtunza madam. Amekungoja tangu asubuhi. Lakini ngoja kidogo, wanamaliza kupigana."

Nilishtuka. Kumbe ni mieleka ya televisheni. Bi Zuwena, bibi wa miaka themanini na ushei, alikuwa ameegemea mto, ushungi umemteremka mabegani, anamlaani mpiganaji mwenye suruali nyekundu. Kerubo akakaa kando yake, naye akamlaani. Nilisubiri mpaka suruali nyekundu ikaangushwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mtu wa Wete wewe? Haya kaa, sema lililokuleta. Ila usinisifie ukoo wangu, nina shinikizo la damu."

Nami, kwa ujinga, nikaanza kuusifu. Nilitoa hotuba yote, kuanzia wanyonge mpaka machozi ya Bwana Msabaha. Nilipofika kwenye machozi Bi Zuwena alianza kucheka. Alicheka kwa kutikisika, akatoa meno ya bandia akayatia kwenye kikombe, akaendelea kucheka bila meno.

"Alilia? Msabaha? Yule alikuwa hatoi hata salamu bure! Kerubo, lete ile bahasha ya goti langu."

Kerubo alileta bahasha kubwa ya hospitali, ile ya picha za mifupa. Bi Zuwena alitoa picha ya goti, kisha nyingine, kisha karatasi nzito ya rangi ya chai, imeandikwa kwa wino uliofifia na ina mhuri wa kadhi.

"Nimeiweka humu kwa sababu hakuna mwizi anayetaka goti langu," alisema. "Wala Nassor."

Akarudisha meno, akaisoma kwa Kiarabu, kisha akanieleza kwa Kiswahili chetu, polepole, kama anayemfundisha mwalimu kazi yake. Nyumba haikuwa ya Msabaha hata siku moja. Ilikuwa ya mkewe, Bi Time, aliyoirithi kwa baba yake. Msabaha alihamia na vioo vyake tu. Kisha akasafiri kwenda Maskati kuoa mke mwingine, akakaa huko miaka miwili. Bi Time hakumwandikia barua ya kulia. Alimwita kadhi, akaiweka nyumba wakfu kwa wanawake wasio na pa kulala, na siku hiyo hiyo akafungua mlango.

"Na unajua walioingia kina nani?" Bi Zuwena akagonga karatasi kwa kidole. "Wajakazi waliotoroka mashamba ya mumewe. Yule mtu anarudi na bibi harusi wake, anakuta watumwa wake wamelala ukumbini mbele ya vioo vyake!"

"Akafanya nini?"

"Atafanya nini? Kabla hajavua viatu, watu wa msikitini wamekuja kumpa mkono. Allah akulipe Bwana Msabaha, umefanya jambo kubwa! Akasimama pale mlangoni, akafikiri, akasema amin. Tangu siku hiyo ikawa sadaka yake. Hati akaificha, mpaka marehemu baba akaja kuikuta. Na nyie mmemsifu mpaka leo."

Hesabu yangu ni hotuba kumi na nne.

Chini ya hati kulikuwa na majina ya wanawake wa kwanza kuingia. Niliweza kuyasoma mwenyewe: Tufaha, Majaliwa, Zafarani, Faida na mtoto wake mchanga, na wengine saba. Bi Zuwena aliweka kidole juu ya Faida.

"Huyu ndiye bibi yetu," alisema, na hakucheka tena. "Alikuwa suria wa Msabaha, alimtoroka na mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye babu yangu. Sisi tulipokuja huku baada ya Mapinduzi, marehemu baba akatwambia, semeni mmetoka kwa yule mke wa Maskati. Tumesema. Miaka yote hiyo tumesema."

Nikaelewa kwa nini karatasi ilikuwa inaishi na goti.

Saa nane, baada ya sala ya Ijumaa, aliingia Nassor. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, lakini ni mtu wa adabu, kanzu nyeupe imenyooka, kambebea shangazi yake matunda. Alipoiona hati juu ya meza, uso ukambadilika.

"Shangazi, khalas, tulishaongea haya."

"Tuliongea habari ya hoteli," alisema Bi Zuwena. "Hatukuongea habari ya Faida."

Nassor alinigeukia. Sauti yake ilikuwa ya kuomba, si ya kugomba. "Mwalimu, hoteli niachie. Nitaandika barua nyingine, tutaifuta ile habari. Lakini karatasi hii isitoke humu ndani. Binti yangu Shamsa ameposwa. Watu wenyewe wakubwa, wanauliza asili ya mtu mpaka babu wa saba. Wakijua tumetoka kwa mjakazi, ni aibu yetu sote."

Nakiri nilishawishika. Nyumba ingebaki, binti angeolewa, na mimi ningerudi na barua. Lakini barua ya Nassor ingeweza kufutwa na barua ya mwanawe. Hati haifutiki.

Kabla sijafungua mdomo, Kerubo, aliyekuwa anapanga sahani, aliuliza: "Sir, samahani. Kwani kufanya kazi kwa nyumba ya watu ni aibu?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza akiwa ameshika sahani, kama mtu anayetaka kujua tu. Nassor akaitazama ile sahani. Mwanamke huyu ndiye anayemwogesha shangazi yake, anampa dawa, anamgeuza kitandani.

"Sikukusudia wewe, Kerubo," alisema mwishowe.

"Sawa, sir. Lakini ni mimi niko hapa."

Bi Zuwena aliichukua karatasi. Kisha akaikunja kwa mikunjo yake ya zamani na kunipa mkononi. "Chukua, mwanangu. Yule mwanamke alitembea usiku kucha na mtoto mgongoni, mimi namwonea haya kwa ajili ya posa? Nassor, kaa ule. Biriani inapoa."

Nassor alikaa. Alikula kidogo, hakunitazama. Wakati wa kuondoka alinipeleka kituoni kwa gari lake, akasubiri mpaka niliposhuka. "Iweke vizuri," alisema. "Imezeeka."

Jumapili nilirudi nyumbani, hati iko kifuani ndani ya bahasha ya goti, kwa kuwa Bi Zuwena alikataa nitumie nyingine. Mkaguzi wa uwanja wa ndege alitoa picha ya mifupa, akanionea huruma, akanipisha mbele ya foleni. Nilichechemea kidogo kwa heshima.

Wete, ofisa aliisoma hati mara mbili, akaita mwenzake naye aisome. Nyumba ni wakfu, wasichana wanabaki. Kazi ikawa kwenye kibao cha mlangoni, kilichoandikwa Dahalia ya Bwana Msabaha. Nilipendekeza kiandikwe jina la Bi Time. Kamati ilikaa vikao vitatu. Wazee walikubali kwamba Msabaha hakutoa kitu, ila waliona ni vibaya kumvunjia heshima mtu kwa sababu hiyo tu. Mwisho walikubaliana kibao kiandikwe Dahalia ya Wasichana, asitajwe yeyote. Nikanunua rangi mwenyewe, nikaandika jina la Bi Time na yale majina kumi na moja kwenye ukuta wa ukumbi, kati ya kioo na kioo. Hakuna aliyepiga kura ya kuyafuta.

Posa ya Shamsa ilivunjika, habari ya Faida ilipowafikia wakwe. Nassor aliniarifu kwa ujumbe wa mstari mmoja. Kisha mwezi wa saba, saa nne asubuhi, teksi ilisimama mbele ya dahalia akashuka msichana mwenye miwani ya jua na sanduku kubwa kuliko yeye. Alisema anaitwa Shamsa, na anaomba kitanda kwa wiki moja.

Niliogopa kumuuliza habari ya posa, lakini aliitaja mwenyewe. Alisema hajutii, maana mchumba alikuwa anamsahihisha namna ya kucheka.

Nimejifunza mambo machache safarini, na kubwa ni kwamba nilikuwa nawafundisha watoto shukrani bila kuangalia ni nani anayeshukuriwa. Shamsa yeye alisimama ukumbini, akalitafuta jina la Faida kwa kidole mpaka akalipata, akakaa chini hapo hapo sakafuni na viatu vyake vya bei. Halafu akauliza kama nyumba nzima ina feni moja tu.

"Moja tu," nikamwambia.

"Basi yeye alilalaje humu?"

"Sijui," nikasema. Nikaenda kumtafutia chandarua.