Sukari Ikishuka Huenda Wapi

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka kwa harufu ya vitunguu. Nilikuwa kidato cha pili kule Ruiri, na mbio ndizo zilikuwa raha yangu yote. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umenipata mwaka uliotangulia, ule wa kudunga insulini kila siku, nami nilidhani nikishadunga ya asubuhi kazi imekwisha. Mchana huo nilionja githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kidogo tu. Jioni tukafanya mazoezi, na mvua ilipotishia kunyesha nikakimbia nyumbani kwa njia ya mkato. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa nimekaa katikati ya shamba la jirani, nang'oa vitunguu vyake vichanga na kuvipanga kwa mistari, jasho likinitoka ilhali kulikuwa na baridi.

Mwenye shamba alidhani nimelewa. Rafiki yangu Karimi, aliyekuwa akinifuata nyuma, ndiye aliyemwambia, "Si pombe, mama. Ako na sukari, na imeshuka." Yule mama akaacha ugomvi, akanimiminia chai tamu kutoka kwa chupa yake, na polepole dunia ikarudi mahali pake.

Mama yangu alipopata habari alipiga marufuku mbio. Simlaumu. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini hofu yake ilinihamia mimi, ikakaa. Nikawa siwezi hata kufagia uwanja bila kula kwanza. Nilikula kwa woga, si kwa njaa, na sukari ikapanda na kukaa juu. Kiu haikuisha, na darasani maandishi ya ubaoni yakaanza kufifia.

Sasa, baba yangu alikuwa na kaka mkubwa, mkulima wa viazi na mwimbaji wa kwaya, mtu aliyependa kuuliza kuliko kula. Siku moja mbuzi wake alikata kamba, naye baba mkubwa akaniambia nimkimbilie. Nikakataa.

"Unaogopa nini hasa?" akaniuliza.

"Sukari kushuka, baba mkubwa."

"Inashukaje?"

"Sijui."

"Na ulimuuliza nani?"

Akanitazama, mbuzi akizidi kutokomea. "Gatwiri, kuogopa si kosa. Lakini umeogopa kitu mwaka mzima na hujakiuliza hata jina. Hiyo mimi siikubali. Kuuliza si ujinga."

Wiki hiyo hiyo akanipeleka kliniki moja karibu na Makutano. Nilifikiri nitaona haya, kwa maana hata kabla ya kuketi alimwambia daktari, "Mimi nataka kujua, hiyo sukari ikishuka inaenda wapi?"

Daktari, mama mpole, akacheka kidogo. "Inaingia kwa misuli, Mzee. Mtu akikimbia, misuli inakula sukari. Mwili wako wewe unajua kupunguza insulini wenyewe. Ya huyu imetoka kwa sindano, na ikishaingia haijui kama amelala ama anakimbia."

"Na akimaliza kukimbia, misuli inaacha kula?"

"Hapo umeuliza vizuri. Inaendelea kula kwa saa nyingi, hata usiku akiwa amelala."

Mwanangu, kitu fulani kilifunguka ndani yangu. Nikajikuta nami nauliza: mbona zamani siku nyingine nilipokimbia mbio fupi za nguvu, nikipimwa kliniki ilikuwa juu? Akanieleza kwamba mwili ukishtuka humwaga sukari uliyojiwekea akiba, kisha baadaye inaweza kushuka. Tulikaa mle mpaka wagonjwa wengine wakaanza kukohoa makusudi. Tulitoka na dozi iliyorekebishwa kwa siku za mazoezi, na ruhusa ya kujaribu taratibu.

Baba mkubwa akanifuata kwa baiskeli, glukosi mfukoni mwa koti, akiimba nyimbo za kanisani. Alikuwa anaanza ubeti nami namalizia. Nikikosa maneno, au nikimjibu kwa hasira, ananisimamisha, ninakula, tunangoja. Hivyo ndivyo tulivyogundua kwamba kwangu mimi hasira hutangulia kutetemeka, na kabla ya hasira midomo hufa ganzi. Nilianza kuutazama mwili wangu kama mkulima atazamavyo mawingu.

Kisha yakaja mashindano ya shule za kwetu. Mama alikubali kuja, shingo upande. Mzunguko wa mwisho nilikuwa wa pili, na yule wa kwanza alikuwa amechoka, nilimwona kwa mabega. Ndipo midomo ikafa ganzi. Hakuna mtu angejua. Nilitamani sana kujidanganya.

Nikasimama. Nikakaa kwenye nyasi, nikala glukosi yangu, na wasichana wote wakanipita. Baba mkubwa akaja, akaketi kando yangu mpaka rangi iliponirudia.

"Ulijuaje?" akauliza. "Mimi sikuona kitu."

"Midomo."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa mmea mgeni. Baadaye nikautembea mzunguko uliobaki hadi kwenye utepe, watu wakiwa wameshahamia kutazama mchezo mwingine. Mama alikuwa pale amesimama. Akanifuta uso kwa leso yake, akasema, "Kesho unakimbia saa ngapi?"

Basi sikia, wewe uliyeanza kudunga juzi, na leo kidude cha kupima sukari kiko mfukoni mwako, kitu ambacho sisi hatukuwa nacho. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini, kula kwanza, mbio hazitoroki. Usiende popote bila kitu kitamu cha kukuinua haraka, na aliye nawe ajue dalili zako, ajue pia kwamba ukizimia asikutie kitu mdomoni, akukimbize hospitalini. Siku uliyochoka sana, kumbuka usiku inaweza kushuka. Dozi usiibadilishe kwa kubahatisha. Nenda ukaulize, na ukijibiwa uulize tena. Na ukihisi inashuka, simama, hata kama utepe uko mbele ya macho. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele.

Mungu akupe miguu mepesi na sikio la kuusikia mwili wako. Akujalie wenzako wa njiani wasiochoka kukungoja, na uzeeke ukitembea.